Rangi ya Kijani Chini ya Chokaa

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu wa kidato cha kwanza, na usinune nikikuita mwanangu wakati sote tunavaa sare moja. Kidato cha nne kinazeesha. Siku hizi hata utani unanitoka kwa shida.

Nyumba tuliyopanga hapa Newala ilikuwa ya zamani, na tangi la maji ya mvua limejengwa kuegemea ukuta wa chumba cha kulala. Lilikuwa linavuja. Ukuta ukalowa, rangi yake ya kijani ikaanza kubambuka vipande vipande. Mdogo wangu Zuhura, wa miaka miwili na ushei, akawa anavibandua na kuvila. Nikaita majirani: "Njooni mumwone mjamzito wetu, ana hamu ya udongo!" Tukacheka sana. Huku kwetu nani hajamwona mama akitafuna udongo?

Bwana afya wa kata akatangaza kwamba atapita na mpimaji wa unyevu na rangi kwenye nyumba za zamani. Mama akaona aibu wageni waukute ukuta vile, akaniambia niusafishe. Nikausugua kwa msasa bila kunyunyiza maji, vumbi likajaa chumba na Zuhura kakaa mkekani. Kisha nikapaka chokaa.

Mpimaji alikuja na kifaa chenye sindano mbili. Alipozichomeka ukutani kikalia.

"Mama Salumu, ukuta huu umelowa mpaka ndani," akamwambia mama. Akanigeukia mimi. "Kijana, chini ya chokaa hii kuna rangi ya zamani?"

"Hakuna, mzee. Ukuta huu ulizaliwa na kanzu nyeupe."

Wakacheka wote, hata bwana afya. Mpimaji akaanza kufunga begi. Nikamtafuta Zuhura kwa macho, maana yeye hucheka kuliko wote. Alikuwa amelala mapajani mwa mama, tumbo likimsokota wiki ya pili sasa. Ananitazama tu. Hakucheka.

"Mzee, nimedanganya," nikasema. "Ipo ya kijani. Na huyu anaila."

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Mpimaji akakwangua mpaka akaifikia, akachukua kipande cha kupeleka maabara. Majibu yakarudi: ina madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Damu ya Zuhura ikapimwa, nayo ikakutwa na risasi hiyo. Tumehama. Kliniki tunakwenda hadi leo, mimi nambeba mgongoni. Tumbo limepoa, maneno bado yanamchelewa, na daktari hatuahidi kitu.

Basi sikia, mwanangu. Rangi ya zamani usiisugue kabla haijapimwa. Ukuta ukilowa, tafuta maji yanakotoka kabla hujatafuta brashi. Mpimaji akija, mwoneshe ubaya wote wa nyumba. Aibu itaisha akishatoka mlangoni. Na mtoto akila kitu cha ajabu, mpeleke hospitali kwanza, utani utasubiri.

Mungu akulaze pakavu, na wadogo zako wakucheke mpaka wakuudhi.