Kaseti Tano za Kundi Moja

Mwaka ambao watu wa ng'ambo walivuka ziwa kukimbia vita, Kigoma ilijaa magari ya mashirika ya misaada, na mdogo wangu wa kiume akaanza kupotea nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na sita. Baba na mama walikuwa wametangulia mbele ya haki wote wawili, na mimi niliacha shule darasa la sita nikaenda kuanika dagaa Kibirizi, ili yeye na mdogo wetu wa kike wale. Kazi ile haikupi nafasi ya kumfuata mtu. Dagaa ukiwamwaga mchangani lazima uwageuze, na wingu likitokea upande wa Kongo unakimbia kuwakusanya.

Niliambiwa anashinda Bangwe, chini ya dirisha la Mzungu mmoja wa misaada, akisikiliza magitaa. Niliambiwa pia kwamba wavuvi wa Ilagala wamemwahidi nafasi kwenye mtumbwi wao. Hilo la pili ndilo lililonitia hofu. Wavulana wa Ujiji waliokwenda hivyo walirudi wakiwa wageni, kama walirudi.

Mzungu yule alipomaliza mkataba aliuza vitu vyake barazani kwa bei ya kutupa. Watu waligombania masufuria. Mimi nilichukua boksi la kaseti tano, zote za kundi moja la zamani la Uingereza. Lilikuwa toleo rahisi: karatasi nyepesi, hakuna picha wala miaka, kila kaseti ina mstari wa rangi yake na majina ya nyimbo kwa Kiingereza. Redio kaseti ya baba bado ilifanya kazi. Nikamwambia mdogo wangu tutasikiliza moja kila Ijumaa baada ya swala, mara moja tu, kwa sababu ya betri, na atakayekosa amekosa. Alicheka, akasema nimemtegea kama panya. Lakini Ijumaa alikuja.

Boksi tuliliweka mkekani. Mdogo wetu wa kike, ambaye alikuwa bado anasoma Kurani chuoni kwa maalim, akatoa kaseti ya upande wa kulia kabisa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Vitabu vya shule tulivifungua kushoto, lakini kitu cha heshima nyumbani kwetu kilianza kulia, kama msahafu.

Kaseti ile ilinichosha. Nyimbo zilikuwa ndefu, kila mmoja akiimba peke yake, na gitaa lilikaa pembeni kama mtu aliyenuna.

"Hawa hawapatani," mdogo wangu alisema.

Kiingereza hatukukijua, ila hata mimi nilisikia hivyo. Ijumaa ya pili, kwenye kaseti iliyofuata kushoto, kulikuwa na kinanda, na katika wimbo mmoja waliitikiana. Ya tatu, mmoja wao alicheka katikati ya wimbo na hawakumfuta. Kufikia ya nne mdogo wangu alikuwa anatofautisha sauti zote nne, na siku za katikati ya wiki alikuwa anarudi kula mchana na kubishana nasi kuhusu nani alipiga nini. Ya tano ilikuwa na nyimbo fupi fupi, wote wanne wakipaza sauti pamoja kama vijana wanaotoka kuoga ziwani. Mdogo wetu wa kike alicheza mpaka mkeka ukakunjamana.

Nikasema neno nililolibeba wiki nzima. Niliwaambia wameona wenyewe, watu wale walianza kila mtu na lake, wakavumiliana, sasa wanaimba kitu kimoja. Nasi tukivumiliana tutafika. Mdogo wangu hakubisha. Alikuwa ananitazama, na nakumbuka niliona kama amekubali.

Mpangaji wetu wa chumba cha uani alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwalimu kwao, ng'ambo, kabla ya kukimbia. Aliomba kuliona boksi, akazisoma kaseti moja moja, uso wake ukafunguka.

"Dada, mulianzia mwisho," alisema kwa Kiswahili cha kwao.

Alizijua zote tangu ujana wake. Ile ya kelele ndiyo ya kwanza, walipokuwa wadogo na hawana kitu. Ile ya kila mtu peke yake ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo walitengana, na hawakuimba tena pamoja. Aliyasema kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao, na sikumlaumu.

Nilimwambia mdogo wangu hayo ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Nikamwomba akae.

"Dada," alisema taratibu, bila kiburi, "wale walikuwa wanne, na walijua kupiga. Sisi tunajua nini?"

Mbalamwezi ilipoisha na mitumbwi, inayovua dagaa gizani kwa taa, ikaanza tena kutoka, alikwenda Ilagala.

Kila mtumbwi wa huko ulipotia nanga Kibirizi nilimuulizia. Mwanzoni waliniletea salamu. Baadaye waliniletea habari kwamba ameonekana. Kisha nahodha mmoja aliniambia amehama na kundi jingine kuelekea kusini, na kwamba nisimuulize tena kwa sababu hajui zaidi ya hapo. Nikarudi kugeuza dagaa.

Mdogo wetu wa kike sasa ana umri ule ule aliokuwa nao kaka yake, miaka kumi na sita. Wiki hii amechelewa kurudi mara tatu. Nimemuuliza alikuwa wapi, akasema hapo tu. Nimekaa namtazama akila, na sioni cha kumshikia asiende.