Uzi wa Cucu na Mipira ya Matope

Mpira wa tairi ukikatwa kwa kisu kilichoroweshwa maji hutoa harufu yake. Si ile ya mpira unaoungua, la. Ni harufu chachu kidogo, kama ya jivu lililonyeshewa. Fundi wa viatu vya tairi ana kibanda karibu na kanisa letu hapa Runyenjes, na kila Jumapili nikipita hapo shavu langu la kushoto hupata joto, ingawa aliyepigwa kofi siku ile si mimi. Alikuwa Baba.

Habari hii nimeiandika katika daftari langu mara tatu, na mara tatu nimeichana. Shule yangu iliishia darasa la nne. Tena nilikuwa mtoto wa miaka minane, labda tisa, wakati wa Hali ya Hatari, kwa hivyo nikikosea mnivumilie. Lakini kuna mtu niliyemnyima haki yake kwa kunyamaza, na kuna mwingine nitakayemnyima yake nikisema. Ndiyo maana mkono unasita.

Baba aliendesha pikapu ya Bwana Salim, mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini. Alishusha chumvi, unga na mafuta ya taa madukani, kutoka Chuka mpaka Embu. Pikapu ile haikuwa na kitu cha kuzuia tope nyuma ya magurudumu, na mvua ikinyesha udongo wetu mwekundu uliruka kama ulezi unaopepetwa. Chini kwetu, mtoni, palikuwa na kizuizi: gogo limelazwa njiani, linalindwa na homugadi, watu wa kwetu waliobeba bunduki za serikali. Mkubwa wao aliitwa Njeru. Siku moja gurudumu liliteleza mbele ya gogo, na tope likampaka afisa kijana, mzungu, kuanzia buti mpaka kofia.

Niseme haki: mzungu yule hakumpiga Baba. Alifuta miwani yake polepole, akasema maneno machache, na Njeru akayafasiri kwa sauti kubwa kuliko yalivyokuja.

"Ukija hapa Ijumaa bila mipira ya kuzuia matope nyuma ya hayo magurudumu, pasi yako itabaki hapa. Na wewe utabaki!"

Siku zile mtu asiye na pasi ya njia alipandishwa lori. Tuliowajua waliopandishwa hawakuwa wamerudi.

Kumbe kuchagua mipira ya matope si kazi ndogo. Kwanza Baba alikwenda duka la Mhindi, Embu, kulikokuwa na mipira iliyotengenezwa tayari, myeusi, inang'aa. Aliukunja mmoja akauachilia, ukabaki umejikunja. "Hili ni sikio la mbuzi," akasema, akaurudisha. Pili akapewa kipande cha mkanda wa mashine ya kupasulia mbao. Kilikuwa kigumu, lakini nyufa zake zilikunywa maji. Mwishowe Bwana Salim akampa tairi kuukuu la lori. Tairi halijikunji wala halichaniki. Shida ilikuwa moja tu: watu wa msituni, waliopigana na serikali, walivaa viatu vya tairi, na chifu wetu alikuwa amekataza mtu kuwa na mpira wa tairi bila barua. Baba akapanga foleni asubuhi nzima, karani akamwandikia: tairi moja, mipira miwili, mabaki yote yarudishwe kizuizini.

Alhamisi tukaenda kwa fundi Nyaga, Karurumo. Shule ilikuwa imefungwa, na mama na wanawake wengine walikuwa wakichimba mtaro pembeni mwa msitu, kwa amri, kwa hivyo nilipanda na Baba kwa kukosa wa kunitazama. Hata Cucu, mama yake Baba, mzee vile, alichimba. Asubuhi ile kabla hajaenda aliniita nyuma ya jiko, akanipa uzi wa katani aliousokota mwenyewe pajani, kama wa kufumia kiondo. Ulikuwa na mafundo mawili.

"Mwambie fundi anikatie viatu kwa yale mabaki. Miguu yangu imekwisha huko mtaroni. Kipimo ni kutoka fundo hili mpaka hili. Na usimsumbue baba yako, ana mambo mengi."

Niliutazama uzi, nikaitazama miguu yake. Ilikuwa midogo, imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nikafikiri labda wazee huachiwa nafasi vidole vipumzike.

Nyaga alikata mipira akichovya kisu majini kila mara, na ile harufu ikajaa kibandani. Akatoboa bodi kwa keekee, akaweka bamba la chuma juu ya mpira ili bolti zisiupasue. Kisha wakaanza kubishana. Baba aliitaka mipira ining'inie chini sana, tope lisipate pa kupita.

"Ukirudi nyuma, gurudumu litaumeza," Nyaga akasema.

"Mimi sirudi nyuma."

"Kila dereva husema hivyo, mpaka akutane na ng'ombe wa watu darajani."

Wakaafikiana: kutoka chini ya mpira hadi ardhini, shubiri moja ya Baba. Baba akaingia chini ya pikapu kushika nati. Ndipo nikautoa uzi, nikasema Cucu anaomba viatu.

Fundi aliunyoosha kidogo tu. Akatazama barabara, huku na huku, akaurudisha kiganjani mwangu na kunikunja vidole juu yake.

"Kairitu," akasema polepole, kama mtu amwitavyo binti yake, "mimi sijauona uzi huu. Ukifika nyumbani uchome."

Lakini kwetu uzi uliosokotwa na mzee hauchomwi. Niliutia kiondoni mwangu, chini ya nduma zetu za safari.

Jua lilituchwea kwa fundi, tukalala huko. Ijumaa, kizuizini, mzungu alikuwepo. Baba aliyashusha mabaki, na Njeru akachuchumaa akayapanga, akiacha nafasi mbili palipokatwa mipira, kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Tairi likatimia. Hakuna kipande kilichopungua. Nikaona mabega ya Baba yakishuka. Njeru alikuwa ameshika gogo alinyanyue, na mzungu akanyoosha kidole kwenye kiondo changu.

Njeru akakimwaga. Nduma zikabingirika topeni, na uzi ukaanguka juu yake.

Mzungu aliuokota. Akautandaza kando ya buti lake, fundo kisiginoni, fundo kidoleni. Ulitosha kama umepimiwa yeye.

"Hii pima ya kiatu," akasema. "Nani nangoja yeye huko msituni?"

Baba aliutazama uzi kama kitu kilichotoka mwezini. Nilisikia mto. Nilisikia injini ikipoa, tik, tik. Maji ya moto yakanishuka miguuni na sikuweza kuyazuia.

"Afande," Njeru akasema, "huo uzi ni wangu. Nilimpa dereva apimie mipira. Umbali wa kutoka ardhini."

Sasa Baba alikuwa na ugonjwa wa ukweli. "Uzi gani?" akasema. "Wewe hukunipa..."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza, hata kofia ikaruka.

"Nyamaza! Nilikupa siku ile ya tope, hapa hapa! Ukajiona fundi kuliko mimi, siyo?"

Akauchukua uzi mkononi mwa mzungu, akapiga magoti topeni nyuma ya gurudumu. Fundo moja aliliweka ardhini. La pili likapita ukingo wa mpira kwa vidole vitatu.

"Ona, Afande. Hakufuata kipimo." Akamtupia Baba kisu. "Kata!"

Baba akakata. Mpira mzuri, uliokwisha kufungwa, aliukata vidole vitatu, huu na ule, na damu ya mdomo wake ikidondoka juu yake. Mzungu alitazama mpaka akachoka, akacheka kidogo, akarudisha pasi. Njeru akautia uzi mfukoni. Nilipokuwa naokota nduma aliinama karibu yangu, akasema kwa Kiembu:

"Mwambie cucu wako, kwa umri ule, miguu yake iache kukua."

Tulipokuwa tukipanda mlima Baba akafoka. "Umemwona? Ameutupa uzi wake akimwaga kiondo, apate kunipiga mbele ya mtoto wangu." Mimi niliujua uzi. Niliogopa, nikanyamaza. Pia niliamini hivyo hivyo, kwamba Njeru alidanganya kwa sababu alipenda kupiga.

Jioni nilimpa Cucu salamu za Njeru. Alikuwa akiambua maharagwe, na mikono ikasimama. "Uzi uko wapi?" "Anao yeye." Hakula usiku ule. Kesho yake alikwenda mtaroni peku, na habari ya viatu haikutajwa tena.

Mipira ile fupi haikuzuia kitu. Muda wote wa kizuizi, mvua ikinyesha, tope lilimrukia Njeru mapajani, na Baba alikanyaga mafuta makusudi. "Alikata mwenyewe," alisema. "Ale." Nami nilicheka. Njeru alijipangusa, akalirudisha gogo chini, hakutuandama hata siku moja.

Nilikuwa nimeolewa tayari mama aliponiambia kwamba Baba Mdogo, ambaye sisi watoto tuliambiwa anafanya kazi Nairobi, alikuwa msituni, na kwamba hakurudi. Tena akaniambia kwamba Baba Mdogo na Njeru walitahiriwa asubuhi moja, kwenye mto ule ule. Kwetu watu wa rika moja ni zaidi ya ndugu. Hapo ndipo nilipoelewa mguu ule ulikuwa wa nani.

Simtakasi Njeru. Nyumba ya mwalimu wetu aliichoma yeye; nilimwona na kienge mkononi. Watu walimpisha njia kwa chuki mpaka alipozikwa, na walikuwa na sababu. Lakini na lile kofi liandikwe.

Baba alizeeka sana. Gari likimrushia tope alishika shavu na kusema, "Njeru." Siku moja nikimwosha miguu nilifungua mdomo nimwambie. Nikakumbuka kwamba ili nimpe Njeru haki yake, lazima nimwambie Baba kuwa ni mama yake mzazi aliyetia ndani ya pikapu yake, kwa ajili ya mwanawe mmoja, uzi ambao ungemmaliza mwingine. Je, Cucu aliwapima wawili hao? Au hakufikiri mtoto atapekuliwa? Sijui, na si haki yangu kumjibia.

Nikaendelea kuosha. Miguu ya Baba ilikuwa mirefu, myembamba, kama ya watu wa nyumba ile wote. Niliipima kwa macho, kisigino mpaka kidole. Uzi ule ungemtosha na yeye.