Kiarabu Kilichotoka kwa Printa Yangu

Kwa mambo ya kompyuta hapa Ukunda, nilijiona sina mpinzani. Juzi Bi Zuhura alikuja ofisini kwangu kuchapishiwa barua ya mwanawe aliyeko Maskati, iliyofika kama faili kwa barua pepe. Sikutafuta programu iliyotumika kuiandika. Nikaifungua kwa ile niliyoizoea. Skrini ikajaa vijisanduku, nukta na herufi zilizovaa kofia. Sikubabaika. Maskati si kwa Waarabu? Nikachapisha kurasa kumi na mbili.

"Bi, mwanao siku hizi anaandika Kiarabu," nikamwambia. "Hapa juu ndipo anapokusalimu."

Akavaa miwani. Akaigeuza karatasi juu chini, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, mimi nimefundisha Kiarabu chuoni miaka thelathini. Wewe hiki umekisomea wapi?"