Maji Aliyokunywa Mama Upawa

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu mepesi, na baridi ya kumfanya mtu avute shuka. Siku hiyo Mama Upawa alipanda mizani ya hospitali akiwa na roho mkononi, akashuka anacheka peke yake, na kabla ya saa sita mchana kicheko chote kilikuwa kimemkauka mdomoni.

Jina la Mama Upawa alipewa na wanafunzi. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na upawa wake wa mti, mrefu kama fimbo ya kuchungia, haukumtoka mkononi. Alikuwa mjane, watoto wake wameshajitegemea, na katika dunia hii mtu aliyemkosesha usingizi alikuwa mmoja tu: mdogo wake wa mwisho, kinyozi, ambaye mpaka leo alimwita Kitinda ingawa mvi zilikuwa zimeshamtokeza. Mama yao alifariki Kitinda akiwa hajaanza shule. Dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamfunga vifungo vya shati la shule. Sasa Kitinda alikuwa na mke na kibanda chake cha kunyolea, na figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Damu yake ilisafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kila alipotoka huko alionekana kama nguo iliyokamuliwa.

Ndugu walipimwa. Kaka yao wa katikati ana sukari, akakataliwa mlangoni. Akabaki dada. Damu yake na ya Kitinda zilipatana, figo zake zilikuwa safi, na Mama Upawa alishaanza kufikiria nguo za kulalia hospitalini, mpaka daktari alipomwambia akae.

"Mama, figo unazo nzuri," daktari alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. "Lakini kwa uzito huu na presha hii siwezi kukulaza kwenye meza ya upasuaji. Nikikutoa figo leo, kesho nitakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Punguza kilo kumi na tano, presha itulie, ndipo tuzungumze."

Kitinda alikuwa anasubiri kwenye benchi la nje.

"Wamesemaje, dada?"

"Wamesema mimi mnene."

"Sasa hilo nalo lilihitaji mashine?"

Wakacheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha kila mmoja kimoyomoyo akajiuliza swali lile lile: kilo kumi na tano huchukua muda gani kutoka, na Kitinda ana muda gani.

Huo ulikuwa mwezi wa Septemba, miezi minane kabla ya Jumanne ile.

Mshauri wa lishe alimuuliza anakula mara ngapi kwa siku. Mama Upawa alijibu bila kusita kwamba anakula mara moja, jioni, tena kidogo. Na aliamini anachosema. Siku ya pili akamsimulia msaidizi wake jikoni, mwanamke mwembamba wanayemwita Sindano, na Sindano nusura aangushe sufuria.

"Mara moja? Dada yangu, wewe unakula tangu moto unawashwa hadi unazimwa!"

"Mimi? Mimi naonja."

"Unaonja maharage mara sita? Na ukoko je? Ukoko nao unaonja?"

Ukoko ndio uliokuwa udhaifu wake. Wali ukishapakuliwa, ule uliogandia chini ya sufuria aliubandua vipande vipande, akautafuna akiwa amesimama, akijiambia ni dhambi kutupa chakula. Hakuwahi kuuhesabu kuwa mlo, kwa sababu hakuuweka kwenye sahani. Siku hiyo alikaa juu ya gunia la mchele akafikiri. Alipoinuka alimkabidhi Sindano upawa.

"Kuanzia leo wewe ndiye ulimi wangu. Onja wewe, uniambie."

Wiki ya kwanza maharage yalitoka na chumvi nyingi hata mwalimu wa zamu akaja jikoni kuuliza kama kuna vita. Mama Upawa aliumia kuliko alivyoumia kwa njaa, maana kazi yake ilikuwa ndiyo heshima yake. Lakini hakuudai upawa. Akajifunza kujua mchuzi kwa harufu na kwa jinsi unavyochemka. Sindano naye akajifunza mkono wa chumvi. Mlo wake Mama Upawa akaanza kuupakua kwenye sahani na kuula ameketi: mboga za majani nusu ya sahani, maharage, wali kiasi cha ngumi yake. Soda aliziacha, na chai akainywa bila sukari huku amekunja uso kama mtoto anayepewa dawa.

Pikipiki ya kumpeleka kazini aliiacha pia. Kutoka kwake hadi shuleni njia inapita karakana ya mbao, inavuka reli, kisha inapanda kilima kirefu. Siku za mwanzo alipumzika kila mara kwenye benchi la fundi viatu aliye katikati ya kilima, pumzi zikimtoka kwa sauti.

"Mama, nitaanza kukudai kodi ya benchi," fundi alimwambia.

"Andika tu, nitalipa nikifika juu."

Krismasi ilipopita akawa anakaa mara moja moja. Mwezi wa pili alipita bila kukaa, na fundi akamwita kutoka nyuma: "Benchi linakuulizia!" Alipunga mkono bila kugeuka, asije akapoteza mwendo.

Maneno nayo hayakukosa. Mtu akipungua, watu hutafuta ugonjwa. Jirani mmoja alimletea supu ya mifupa kwenye chupa ya chai akamwambia kwa sauti ya msibani, "Jikaze, mwenzangu." Mama Upawa alishukuru, akaipokea, akaengua mafuta, akanywa kilichobaki. Hakueleza. Aliona akieleza atalia.

Jumapili alikwenda kwa Kitinda. Hapo mezani ndipo palipokuwa pagumu kuliko kilimani. Wifi yake alipakua. Mbele ya Kitinda paliwekwa kikombe kidogo cha maji, na hicho ndicho chake hadi jioni, maana mwili wake haukuwa na njia ya kuyatoa. Akizidisha, miguu huvimba na kifua kujaa. Alikunywa kwa kuloanisha midomo. Mara nyingine alinyonya kipande cha barafu huku amefumba macho.

"Wewe unalia njaa, mimi nalia kiu," alisema. "Tumekuwa wafungwa wawili wa gereza moja."

"Angalau wewe unashiba."

"Nipe wali, nikupe maji."

Utani ulikuwa utani. Lakini Mama Upawa aliona haya. Utabugiaje glasi nzima mbele ya mtu anayehesabu matone? Akaacha kunywa maji mezani pa Kitinda. Kisha, bila kujiamulia rasmi, akaanza kunywa kidogo hata nyumbani kwake mwenyewe. Alipofikisha glasi mdomoni aliona uso wa Kitinda umefumba macho na barafu shavuni, akaiteremsha. Ilimpa faraja fulani, kama vile alikuwa akimbebea sehemu ya mzigo.

Aprili ilipofika, uzito uligoma. Zilikuwa zimebaki kilo mbili, na mizani ya zahanati ya shule ikawa kama imepigwa msumari. Kitinda alikuwa anadhoofika. Kunyoa alinyoa ameketi kwenye stuli, na wateja wake wa zamani walijifanya hawaoni mkono unavyotetemeka. Miadi ya hospitali ilikuwa tarehe kumi na nne Mei. Mama Upawa alikuwa ameshagundua kwamba siku ya joto kali jikoni, asipokunywa kitu, mizani humhurumia. Siku mbili kabla ya miadi akaacha maji kabisa. Akasimama karibu na moto amevaa sweta, jasho likimtiririka, Sindano akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Unafanya nini, dada?"

"Nasikia baridi."

Basi ndiyo maana Jumanne ile alishuka kwenye mizani anacheka. Kilo kumi na tano zilikuwa zimetoka, tena na zaidi kidogo. Akatolewa damu, akaketi kusubiri, akampigia Kitinda simu: "Nimefika!" Akasikia upande wa pili wifi yake akipiga kigelegele.

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma mara mbili.

"Mama, figo zako hazifanyi kazi kama zilivyokuwa zikifanya. Umetumia dawa yoyote? Umeharisha? Maji unakunywa?"

Mama Upawa alifungua mdomo. Akawaza kwamba akisema kweli, kilo zile zitafutwa na yeye ataandikwa mwongo.

"Nakunywa," akasema.

"Tutapima tena baada ya wiki tatu. Yakibaki hivi, siwezi kukupokea. Itabidi mtafute mtu mwingine."

Mtu mwingine hakuwepo. Daktari alijua, na yeye alijua.

Hakupanda gari. Alitembea kwenye manyunyu hadi kibanda cha Kitinda, akamkuta yuko peke yake, anafagia nywele huku ameegemea kiti. Kitinda akamwona usoni, akaweka ufagio chini.

"Wamekukataa."

"Bado. Lakini ni mimi mwenyewe nimejikataa." Akamweleza yote: meza ya Jumapili, glasi alizoziteremsha, sweta, moto, na neno moja alilomdanganya daktari. Alieleza akiwa amesimama mlangoni, khanga imemlowa mabegani.

Kitinda alivuta stuli akaketi. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Unajua mimi naota nini, dada? Siku hizi sioti hela. Sioti hata kupona. Naota lile bomba la uani kwa mama, linamwagika, nami nimeweka mdomo. Naamka ulimi umegandia juu. Na wewe, mwenye ruhusa, umeyaacha?"

"Nilikuwa nakuonea haya. Nilikuwa nakuhurumia."

"Huruma yako itanizika!" Sasa alipaza sauti, na mpita njia akageuza shingo. "Nani kakutuma uone kiu yangu? Kiu hii ni yangu! Wewe ulichoombwa ni kunitunzia figo, basi! Nimeazima tumbo lako uniwekee, nawe unaikausha kama dagaa!"

Mama Upawa alianza kulia, kisha, kwa neno lile la dagaa, akajikuta anacheka katikati ya kilio. Kitinda hakucheka. Alikwenda kwenye kona ambako huweka dumu la maji ya kuoshea wateja nywele, na kando yake mtungi wa maji safi aliowawekea wateja wanywe. Akachota glasi ikajaa hadi ukingoni. Akaibeba kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu anayebeba kitu asichoruhusiwa kukigusa, akaileta.

"Kaa kwenye kiti."

Akakaa kwenye kiti cha kunyolea, mbele ya kioo.

"Kunywa."

"Kitinda, siwezi mbele yako."

"Mbele yangu hasa. Kunywa."

Akanywa. Kitinda aliegemea meza ya mashine za kunyolea, akilitazama koo lake linavyopanda na kushuka.

"Polepole. Usinywe kama unakunywa dawa. Ya baridi?"

"Ya baridi."

"Yana ladha gani?"

"Maji hayana ladha, mdogo wangu."

"Umesahau wewe. Yana ladha. Kunywa tena, uniambie."

Akamchotea ya pili. Mama Upawa alikunywa taratibu, amefumba macho, na safari hii alitafuta kweli.

"Mtungi," alisema mwishoni. "Yana ladha ya mtungi. Na kwa mbali kama mvua inapoanza."

"Eeh," Kitinda alisema, akameza mate. "Hiyo hiyo."

Kesho yake asubuhi na mapema alirudi kwa daktari akasema kweli. Daktari hakumfokea. Alisema tu, "Mizani ningeweza kuisubiri, mama. Figo ikiharibika haisubiriki." Kilo zile mbili zikarudi kwenye faili kama deni. Daktari alitaka ale vizuri, atembee, anywe, wala asimdanganye tena.

Tangu hapo Jumapili zikabadilika. Mbele ya Mama Upawa paliwekwa jagi, na Kitinda ndiye aliyemimina na kusimamia. "Hiyo umebakiza," alikuwa akisema, "mimi nikiiona hiyo chini ya glasi roho inaniuma." Na siku moja, mke wake alipokwenda jikoni, alinong'ona: "Ukinywa wewe, kidogo nami hupoa. Usimwambie mtu, watasema nimechanganyikiwa."

Tarehe tatu Juni, Jumatatu, jua kali, akapimwa upya. Ijumaa yake wakaitwa wote wawili. Daktari alisema figo zimerudi kama zilivyokuwa. Presha imetulia. Uzito umebaki nusu kilo juu ya ile waliyokubaliana, na kwa nusu kilo hatagombana na mtu. Upasuaji ungefanyika mwezi wa saba, Kitinda akiendelea kuwa na nguvu za kuufikia. Hilo la mwisho alilisema akimtazama Kitinda, bila kulipamba, na Kitinda akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Nje, walikaa kwenye benchi lile lile. Kisha Kitinda akaegemeza kichwa begani kwa dada yake. Hakuwa amefanya hivyo tangu alipokuwa mtoto wa shule.

"Begani pamekuwa na mifupa," alilalamika. "Zamani palikuwa mto."

"Vumilia. Mto ndio bei yenyewe."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi, shuleni hakuwa na zamu, na Mama Upawa angeweza kulala. Aliamka kukiwa bado na giza kidogo. Alijaza glasi, akainywa yote amesimama mlangoni, polepole, akajaza nyingine akainywa nayo. Akavaa viatu, akapita karakana ya mbao iliyofungwa, akavuka reli, akapanda kilima. Benchi la fundi viatu lilikuwa tupu. Hakukaa.