Bwana Arusi wa Mjomba

Juzi hapa Kamina, karibu na stesheni, kijana mmoja alitaka kuniuzia dume la ng'ombe ndani ya simu. Si ng'ombe mwenyewe, rafiki yangu, picha tu. Dume ameoshwa, amepakwa mafuta, amesimamishwa upande ambao jua linampendelea. Nikaikuza picha. Nyasi zilifunika kwato, na mkia ulifunika pale penye kazi. Nikamwuliza, "Mama yake iko wapi?"

"Mama yake ya nini, tantine? Minyi nauza mulume."

Nikamrudishia simu yake. Swali lile halikuwa langu. Lilikuwa la nkambo, bibi yangu mzaa mama.

Nimekulia kwake, njia ya kwenda Luena, kwenye boma lililonuka maziwa na mavi makavu, na mwezi wa tisa likanuka majani yaliyochomwa. Ng'ombe wake walikuwa machotara wa nyama: wadogo wa kienyeji waliochanganywa na wale wakubwa wa ferme, mashamba ya wazungu wa zamani. Kazi yangu ilikuwa kubandua kupe na kuwatumbukiza katika kopo la petroli. Nkambo alinilipa karanga kwa idadi ya kupe, basi nikahesabu mara mbili, na tangu hapo sijaacha. Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa Malemba-Nkulu, ng'ombe wakicheua nyuma ya ukuta.

Nkambo hakuwahi kununua dume wakati wa mvua. Wakati wa mvua, alisema, hata mjinga ananenepa. Alinunua mwezi wa tisa, majani yakiwa majivu, maana dume aliyebaki na nyama mgongoni mwezi ule hakuipata kwa bahati. Kwanza alitaka kumwona mama yake, chuchu zake, na ndama wa mwaka ule. Halafu alimtembeza dume kwenye tope na kuinama kusoma nyayo: mguu wa nyuma uingie pale wa mbele ulipotoka. Mwisho alizunguka nyuma, akainama tena, akatazama korodani bila aibu yoyote. Wauzaji walikohoa. Yeye hakukohoa.

Babu alipofariki, boma likaenda kwa mjomba, mtoto wake wa kwanza, aliyeuza radio mjini na kuvaa miwani ya jua hata siku za mawingu. Mjomba alinunua dume katikati ya mvua, kutoka kwa mtu asiyemfahamu, kwa sababu ya rangi. Kweli alipendeza: mwekundu mwili mzima, pua nyeupe, kifua kama kabati. Watoto wa jirani wakamwita Bwana Arusi, na hakuna jina lililowahi kumfaa mtu au mnyama vizuri namna ile, maana alikuja amepambwa na hakufanya kazi yoyote.

Nkambo alimzunguka, akainama nyuma kutazama korodani. "Mwili ya mulume, mufuko ya kambuzi," akasema.

"Mama, ona haya. Angalia kifua."

"Kifua haizale."

Mjomba akaita mpiga picha.

Mvua zile zikaisha, zikaja nyingine. Bwana Arusi alikula chumvi ya wote, akalala kivulini, akainuka kwa shida kwa sababu ya kwato zake laini. Siku aliyojikaza kumpanda jike, alishuka kama mtu aliyekosea nyumba. Hakuna aliyeshika mimba. Na unafikiri mjomba alimlaumu nani? Majike. Akasema ni tasa, akaanza kuwauza kwa mchinjaji wa Base, kambi ya jeshi, mmoja mmoja, wanono, wazima kabisa. Mwezi wa kumi akanionyesha kwa kidole mtamba wangu, ng'ombe mchanga ambaye hajazaa bado, niliyepewa na babu kabla hajafa. "Huyu, Pasaka."

Sikulia mbele yake. Nilihesabu miezi mpaka Pasaka, mara mbili.

Jumapili iliyofuata mtamba wangu alianza kuhangaika, akipandwa na wenzake, akilia ovyo. Mjomba alikuwa kwenye misa. Nkambo akaniambia nishike kamba. Tulikwenda kwa jirani, mfanyabiashara wa chumvi, Mwislamu wa asili ya Maniema, ambaye Jumapili haikumhusu. Dume wake alikuwa mweusi, mfupi, sikio limechanika, tumbo lina doa jeupe kama chokaa iliyomwagika. Sura yake ilikuwa ya mdaiwa. Lakini nkambo alikuwa akinunua maziwa ya mama wa dume yule kila asubuhi, na nyayo zake alikwisha kuzisoma njiani zamani.

"Mama, na mutoto wenu akiuliza?" jirani akasema.

"Atauliza nani? Ng'ombe haisemake."

Yule mbaya wa sura alimaliza kazi kabla kengele za kanisa hazijanyamaza.

Siku chache kabla ya Pasaka mchinjaji akaja. Akasukuma ngumi ubavuni mwa mtamba wangu, akangoja, akasukuma tena. Kitu kikamrudishia ngumi yake. "Papa, huyu sichinje. Iko na mimba."

Mjomba akavua miwani. Halafu akacheka, akampiga Bwana Arusi shingoni. "Sikuwaambia? Alikuwa anachagua tu."

Ndama akazaliwa mweusi, mfupi, doa jeupe tumboni. Mjomba akasema ni rangi ya upande wa mababu. Jirani, aliyekuja kupongeza, ilibidi atoke nje kukohoa. Nkambo alikuwa akimpangusa ndama kwa majani. Hakuinua kichwa. "Na minyi bwana yangu wa kwanza alinirudisha kwetu, aliniita tasa," akasema. "Halafu nikazaa saba kwa baba yako. Weye njo mutoto wa kwanza."

Mjomba akavaa miwani yake.

Hakujifunza, usidhani. Aliuza majike waliobaki, dume akabaki akilinda boma tupu mpaka akaliwa, na nyama yake ilikuwa ngumu. Leo pale pana viwanja na nyumba za matofali. Mtamba wangu, aliyehamia kwa jirani, alizaa mara nyingi, lakini uzao wake ulitawanyika, na nkambo tulimzika zamani.

Mjomba bado mzima. Sebuleni kwake imetundikwa picha ya Bwana Arusi katika fremu ya dhahabu, na mjomba huwaambia wageni kuwa huyo ndiye aliyezaa ng'ombe wote wa hapa. Nyasi zinafunika kwato. Mkia unafunika pale penye kazi. Pembeni kuna mkono wa mwanamke ulioshika kamba, mwili wote uliachwa nje ya picha. Ni mkono wa nkambo, na picha yake nyingine hatuna. Huwa nakwenda pale mara kwa mara, na mjomba anadhani nakwenda kumwamkia yeye.