Siku niliyokwenda kuoa Ole na gari isiyosimama

Wakuu wa jukwaa la magari, asalaam alaykum. Na wa salamu nyingine pia hamjambo.

Nimekuwa nawasoma kimya kimya muda mrefu. Mnagombana humu gari gani inakunywa mafuta, sensa gani imekufa, taa gani imewaka kwenye dashibodi. Juzi kuna kijana kalia uzi mzima kwa sababu AC yake inapuliza moto. Nimecheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka.

Basi na mie leo nasimulia.

Mimi naitwa Kombo, mzee wa Kengeja, kusini Pemba. Nimeshapita themanini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi imekosewa mnisamehe. Sitaongeza neno, wallahi, maana hata hayo yaliyotokea nayaona mengi.

Turudi miaka ya mwisho ya Mwingereza, kabla ya Mapinduzi. Mimi kijana, kifua mbele, sina akili nyingi.

Nilianza na baiskeli. Nyeusi, nzito, ina dainamo na kengele mbili. Ile ya pili haikuwa na kazi yoyote ila kuringia.

Nilikuwa nabeba ng'onda, wale samaki wa kupasua na kuanika juani, natoka nao Kengeja hadi Ole. Ole ni bara, mbali na pwani, kuna karafuu na mihogo, samaki mpaka aletwe. Kwa hiyo nikionekana napokewa vizuri sana.

Ila baiskeli kwetu ilikuwa na adabu zake. Ukikutana na mtu mzima unashuka. Unaiegemeza kiunoni, unauliza hali, za nyumbani, za shamba, za mgonjwa, na kama mgonjwa keshapona unauliza alipona vipi. Ndipo unapanda tena. Mbele kidogo yuko mwingine, unashuka tena.

Kengeja mpaka Ole ilikuwa safari ya salamu. Kuendesha ni pale katikati tu.

Na huko Ole ndiko nilikomuona Riziki, binti wa Mzee Shaame. Alikuja kununua ng'onda, akamgeuza samaki huku na huku, akasema, "Samaki wako wana vumbi, kwani umewabeba au umewaburuza?"

Wakuu, nilipenda papo hapo. Nikapiga kengele ya pili.

Sasa kijana akishapenda anataka spidi. Nikauza baiskeli, nikakusanya na akiba yangu, nikanunua pikipiki kwa bwana mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Pikipiki ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa breki. Kusimama nilikuwa nazima moto, halafu naburuza viatu mpaka ikubali.

Raha yake siwezi kuieleza! Upepo unaingia kwenye kanzu, kanzu inajaa, kuku wanaruka, mimi nacheka peke yangu barabarani.

Tatizo likawa zile salamu. Kushuka siwezi, kwa hiyo nikawa nasalimia huku napita. Siku moja Mzee Shaame kakaa barazani kwake, mimi nikapita natoa shikamoo kwa sauti yote. Alipata "shika" tu. "Moo" aliipata jirani yake.

Basi baba yangu alipokwenda kuniposea, Mzee Shaame alimsikiliza vizuri, akamkaribisha kahawa, kisha akasema, "Mwanao namjua. Nimpeje mwanangu mtu asiyesimama? Leo kanipita mie nimekaa barazani. Kesho atampita mwanangu kalala mgonjwa."

Baba alirudi na maneno hayo, nikakosa hamu ya kula. Lakini yalikuwa na haki yake.

Pikipiki nikaiuza wiki ile ile. Baba akarudi Ole kumwambia Mzee kwamba kijana keshaachana na pikipiki, na ni kweli. Mzee akaridhia posa. Hakuambiwa nimenunua nini badala yake.

Wakuu, nilinunua gari.

Gari ndogo ya Kiingereza, nyeusi, ya Bwana Karsan mwenye duka la nguo Chake Chake. Mkewe alikuwa kakataa kuipanda, akasema bora atembee. Bei niacheni nayo. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya usumba, ile ya makumbi ya nazi. Dirisha moja halina kioo. Kuwasha mpaka uzungushe hendeli kwa mbele, na hendeli ikikasirika inakurudisha mkono. Honi ndiyo iliyokuwa nzima kuliko injini.

Breki zilikuwepo, nisiseme uongo. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unasema bismillahi, ndipo inaanza kulifikiria ombi lako.

Nilikuwa nalala ndani yake mchana. Naifuta kwa kanga ya mama mpaka mama akaja kuidai.

Habari Pemba haikai. Mzee Shaame akasikia. Akatuma mtu kwa baba: posa sitaivunja, nimeshatoa kauli. Lakini siku ya nikaha, laasiri ikisaliwa, bwana harusi awe safu ya mbele msikitini Ole. Akikosekana kwa ajili ya hicho kidude chake, wageni watakula wali wangu watarudi kwao, na mwanangu atabaki ndani.

Mtu mwenye akili angepanda gari ya abiria na wazee. Baba alinisihi hivyo. Mimi nikasema baba, baada ya fungate nataka Riziki atoke kwao akae kiti cha mbele, watu wamuone. Baba akanitazama, akapanda gari ya abiria na wazee wenzake.

Tukabaki mimi na rafiki yangu Makame, mtu wa hendeli. Tukaondoka mapema kabisa. Nimevaa kanzu mpya, kilemba, na joho la kuazima. Kila kijiji napiga honi, kina mama wanapiga vigelegele. Nilijiona sultani.

Adhuhuri tulisali Chake. Tukatoka pale, kilima cha kwanza tu rejeta ikachemka. Tukakaa kandoni tunaipepea boneti kwa kawa la kufunikia chakula. Makame kila mara anatazama jua, mimi nakataa kulitazama. Ilipopoa tukaondoka, na bado nilikuwa na hesabu ya kufika.

Ndipo wingu likapanda.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Ambao hamjui: karafuu ikishachumwa huanikwa juani juu ya majamvi, uwanjani, barazani, hata kando ya barabara. Mvua ikizikuta zinaingia ukungu na kazi yote ya msimu imekwenda. Kwa hiyo wingu likipanda, kila mtu anakwenda kuanua. Uwe na haraka gani, ukikuta karafuu zinataka kuroa unainama na mwenyewe. Sijawahi kusikia mtu akiamrishwa, ndivyo tulivyokuwa tu.

Mbele yetu, kandoni, majamvi yamejaa karafuu. Na bibi mmoja peke yake, kainama, anazoa kwa mikono miwili huku analia.

"Karafuu zangu zaroa jamani! Watu wote washakwenda harusini, nimebaki mie!"

Harusini! Harusi yenyewe yangu!

Makame akasema, "Pita Kombo, pita! Laasiri hiyo!"

Wakuu, nataka niwaambie nilifikiri jambo kubwa. Sikufikiri kitu. Mguu ulikuwa umeshakanyaga, na gari ile, ambayo tangu niinunue haijawahi kunisikia mara ya kwanza, ikasimama pale pale. Makame akagonga kipaji cha uso kwenye kioo.

Tukashuka. Bibi hakuuliza sisi nani.

"Wewe mrefu, shika jamvi huko! Wewe wa kilemba, leta pakacha! Usizikanyage, wazikanyaga!"

Jina lake Bi Time. Nyumba yake iko bondeni huko ndani ya mikarafuu, na matone yalikuwa yameanza. Hatufiki. Nikatazama huku na huku, pa kuziweka hapana. Nikatazama gari.

Tukazimimina kiti cha nyuma. Pakacha, majamvi, na nyingine hivi hivi. Zikajaa mpaka usawa wa dirisha. Lile dirisha lisilo na kioo nikaliziba kwa joho la watu. Mvua ikashuka yote.

Nikamwambia, "Bi Time, mie nawahi nikaha yangu Ole. Karafuu zako nitakurejeshea jioni."

"Karafuu zangu ziende harusini, mie nibaki?" Akaingia kiti cha mbele, akaweka jamvi mapajani, akafunga mlango. "Haya, twende!"

Makame akazungusha hendeli. Kimya. Akazungusha tena, ikamrudisha mkono, akatukana kwa adabu. Waya zimeroa. Ikabidi tusukume.

"Bi Time, tafadhali shuka kidogo tupate wepesi."

"Nishuke mwondoke nazo? Sukumeni, nyie si vijana?"

Tukasukuma. Bwana harusi, kanzu mpya, tope mpaka magotini, nasukuma gari yenye karafuu za mtu na mwenyewe ndani anatuelekeza. Na hapo, katikati ya mvua, tukasikia adhana ya laasiri kutoka msikiti wa kijiji cha jirani.

Nililia. Nasema kweli, nilisukuma huku nalia, na mvua ikanisitiri. Nilimuona akilini Riziki anaoshwa hina kabla haijakauka. Nikasema moyoni, kwa ajili ya pakacha la karafuu za mtu nisiyemjua nimemkosa. Halafu nikamtazama Bi Time kalikumbatia jamvi lake, nikashindwa hata kukasirika.

Mteremko ukatupokea, gari ikakohoa, ikawaka. Nikarukia ndani. Makame hakuwa na pa kukaa, akaning'inia nje na mwavuli wa bwana harusi.

Tulipofika msikitini Ole mvua ilikuwa inakatika. Nikakimbia ndani bila kilemba.

Hamna mtu.

Safu ya mbele hakuna, ya nyuma hakuna. Yuko muadhini peke yake, mzee, kakaa anavuta tasbihi.

"Wameshasali? Wameshaondoka?"

"Wasali na nani, yakhe? Adhana nimepiga, tumekuja mie na mbuzi. Imamu mwenyewe kaenda kuanua. Wote wako kwa Mzee Shaame."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Muadhini akadhani nimerukwa na akili.

Tukaenda kwa Mzee Shaame. Uwanja mzima ni watu wa harusi wameinama. Imamu kabeba jamvi kichwani. Wapishi wameacha biriani. Na baba yangu mzazi, na joho lake la heshima, anazoa karafuu za mkwewe kwa kilemba.

Mzee Shaame akasikia injini, akanyanyuka. Katikati ya uwanja nikakanyaga breki. Mara ya pili siku ile, ikasimama.

Akaja taratibu. Hakunisalimia. Akaitazama gari, akamtazama Makame na mwavuli wake, akafungua ile kamba ya usumba.

Karafuu zikammwagikia miguuni.

Akaokota moja, akaivunja kwa kucha, akainusa. "Za nani hizi?"

"Zangu mie!" Bi Time kesharuka chini. "Kijana huyu kanikuta niko peke yangu. Gari zimenipita tangu asubuhi, hii ndiyo iliyosimama. Na usizikanyage!"

Mzee Shaame akanigeukia. Akanitazama tope, akatazama kanzu, akatazama joho limejaa maji dirishani. Akaligonga boneti kwa vidole.

"Kumbe inasimama," akasema.

Nikainama nikampa shikamoo nzima, polepole, mpaka mwisho.

"Marahaba, mwanangu. Leo nimeipata yote."

Tukasali laasiri. Safu ya mbele ilinuka karafuu kutoka mwanzo hadi mwisho, na bwana harusi alikuwemo. Mahari ikatajwa, nikakubali kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, watu wakacheka. Bi Time alikula biriani yake, akaondoka kesho yake na karafuu zake kavu. Mwenye joho hakusema na mimi mwezi mzima.

Usiku nilipoingia chumbani, neno la kwanza la Riziki lilikuwa, "Ng'onda vumbi, na wewe tope. Huna kitu unachokileta safi?"

Gari niliishi nayo miaka kadhaa. Harufu ya karafuu haikutoka. Ukikaa kiti cha nyuma unainuka na moja kwenye nguo. Na Bi Time kila akiisikia ile honi alitokea barabarani kanyanyua mkono, nami nasimama, tunaulizana hali mpaka za mgonjwa.

Baadaye nimemiliki pikapu, nikapewa gari ya Kijapani na mwanangu, sasa naendeshwa. Zote zilikuwa nzuri. Hakuna niliyoipenda kama ile.

Funzo nililolipata: wakuu, mkienda kununua gari mnauliza inakimbia kiasi gani. Ulizeni pia inasimama vipi, na nyie mtasimama kwa nani.

Haya, nawasikiliza. Gari yako ya kwanza ilikusimamisha wapi? Semeni humu, na yule kijana wa AC asituibie uzi.

Riziki kakaa hapa pembeni, ananiuliza nacheka nini na simu. Nimemwambia nawasimulia watu habari za ile gari.

Kasema, "Waambie haikuwahi kunipita."