Mkali wa Dini

Jumamosi, tarehe nane Novemba. Rasharasha tangu alfajiri, ile ambayo hujui imekulowesha mpaka ufike mlangoni uvue koti. Upepo kidogo. Mchana mvua ikakoma lakini jua halikutoka.

Naandika leo leo kabla sijaanza kujisafisha. Nikiacha mpaka kesho, najijua, nitakumbuka hadithi ambayo mimi nimetoka vizuri. Shule niliishia darasa la nane kule Kenya, kwa hiyo anayesoma anisamehe palipopinda. Majina sitaweka.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Handsworth, kwa Waingereza, kilialika wageni wawili kutoka Amerika waje kujadiliana kwenye ukumbi wa jamii, nyuma ya Soho Road. Mada ilikuwa Waislamu wenye itikadi kali na usalama wa nchi: Wamarekani wanabishana vipi juu ya jambo hilo, na sisi wa huku tuchukue nini. Mgeni wa kwanza alikuwa mwanaharakati, mwanamke, Mwislamu wa kuzaliwa, ambaye kwa miaka mingi amezunguka misikiti na ofisi za wanasiasa kwao akisema kwamba ugonjwa huu uko ndani ya nyumba yetu na sisi ndio tuutaje kwanza. Wa pili alikuwa wakili, mwanamume, anayewatetea watu walioingizwa kwenye orodha za usalama bila kuambiwa wamefanya nini. Walikuja na teksi moja ingawa hawapatani karibu kwa lolote. Hilo peke yake lilinipendeza.

Mimi nilikuwa mkalimani. Si kwa sababu naweza. Aliyetakiwa aliamka hana sauti, na mwenyekiti wetu akanipigia nikiwa bado na taulo kichwani. "Wewe una Kisomali, una Kiswahili, na Kiingereza unaongea kila siku kazini." Kazini ni Hockley, karakana ndogo ambapo nang'arisha pete kwa mashine. Kiingereza cha pale ni cha kupiga kelele kuishinda mashine: lete, ngoja, umeiunguza. Nikasema nitajaribu.

Sitaki kumdhulumu yeyote kati ya hao wawili, kwa hiyo naandika walivyosema. Mwanaharakati alisema binamu yake alichukuliwa na watu wale wa itikadi kali na hakurudi, na kwamba dalili zote familia iliziona, ikanyamaza kwa aibu. Akasema serikali ina haki ya kuwachunguza wanaohubiri kuua, hata wakihubiri kwa aya. Wakili akasema hilo hapingi. Ubaya ni kwamba wavu hutupwa juu ya wote, na mtu akishajua anatazamwa kwa kuswali tu, siku akiona hatari ya kweli hatakwenda kusema.

"Wewe hukupoteza mtu," mwanaharakati akamwambia.

"Na wewe hujawahi kurudishwa nyumbani kutoka uwanja wa ndege bila kuambiwa sababu."

Mimi nikaitikia kwa kichwa kumkubali huyu, halafu nikaitikia kumkubali yule. Tuliolelewa Kenya hatuhitaji kuelezwa bomu ni nini. Wala hatuhitaji kuelezwa msako ni nini, askari wanapopanda ngazi mchana kweupe na kudai kipande, yaani kitambulisho, kwa wenye sura kama yangu peke yao. Nimeyaona yote mawili, na moja halijawahi kulifuta jingine.

Sasa kuna neno lazima nilieleze. Kwa Kiingereza, wenye itikadi kali huitwa radikali. Mara ya kwanza kulisikia redioni nilidhani mtangazaji anasema radi kali. Nikaona inafaa: mtu mwenye radi kichwani. Baadaye nilielezwa, lakini sikio langu halikuacha kusikia "kali" mle ndani. Leo, kutwa nzima, neno hilo lilipita masikioni mwangu likienda na kurudi, na kila likipita nililiandika kwenye kikaratasi changu kwa kifupi: kali.

Zamu ya watu ilipofika, akasimama jirani yangu. Ni mama wa Mombasa, mtu mzima, mtaa mmoja na mimi, Kiingereza chake ni cha sokoni. Ana binti mmoja, muuguzi Amerika. Binti ameomba uraia, na mahojiano yake ni baada ya wiki mbili. Mtaa mzima tunajua, maana mama siku hizi hana dua nyingine. Hakuwa na swali. Alitaka kusema kwamba binti yake kila akipita uwanja wa ndege husimamishwa kwa sababu ya ushungi, ilhali ni mtoto asiye na neno na mtu.

Akaanza: "Mwanangu mimi, tangu shule, alikuwa mkali wa dini."

Kila aliyelelewa na Kiswahili anajua. Mkali wa hesabu, mkali wa mpira, mkali wa kupika pilau: ni sifa, mtu huyo anawashinda wenzake. Mama alikuwa anasema mtoto alikuwa hodari kwenye somo la dini. Nami nikageukia kipaza sauti nikasema, kwa Kiingereza, kwamba tangu shule binti yake alikuwa radikali wa dini.

Nililisikia likinitoka. Mwanaharakati akainama akaandika kitu kwenye daftari. Mbele kabisa, juu ya kiti, simu ya mwenyekiti ilikuwa imesimamishwa, inapeleka mkutano wote moja kwa moja kwenye mtandao. Aliyetaka kutazama akiwa Amerika alikuwa anatazama.

Mama hakujua lolote. Akaendelea kwa raha zake: "Na hesabu vilevile, mkali! Hata walimu walikuwa wakimwogopa!"

La kwanza lilikuwa kosa la ulimi, hilo huenda nikajisamehe. La pili nililifanya na akili zangu timamu. Niliona kabisa kwamba nikiitafsiri hesabu kila mtu atajua nimeharibu. Nikasema kwa Kiingereza, "Anashukuru, amemaliza," nikamshika mama mkono akae.

Mwanaharakati akainua kalamu. "Hapana. Amesema zaidi ya hapo. Kuna maneno hatujapewa."

"Ni maneno madogo tu," nikasema.

"Nipe hayo madogo."

Mwanaharakati yule hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Na alichokuwa amepewa kilikuwa kitamu kwake: mama mwenyewe, hadharani, akikiri juu ya mtoto wake. Angeweza kukibeba akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa anamtazama mama, hakunitazama mimi, na aliona kwamba uso wa mama ulikuwa wa mtu anayesifia, si wa mtu anayeungama. Hilo alinieleza baadaye. Mimi ninayejua lugha sikumtazama mama usoni hata mara moja.

Nikajikaza. Nikaeleza kwamba kisu huwa kikali, mbwa huwa mkali, mwalimu huwa mkali, na mtoto anayeongoza darasani naye ni mkali. Kwamba mama alisema binti yake alikuwa wa kwanza kwenye dini na wa kwanza kwenye hesabu. Kwamba neno radikali ni langu mimi, si la mama.

Mtu nyuma akauliza, "Kwa hiyo hata kwenye hesabu alikuwa radikali?" Watu wakacheka mpaka viti vikalia.

Mama akanivuta nguo. "Wacheka nini hawa? Umewaambia nini?"

Nikamweleza. Yeye hakucheka.

"Yaani umemwita mwanangu gaidi?"

"Sikusema gaidi, mama."

"Hukusema gaidi, umemtaja nduguye!" Akakaa, akafunga buibui lake kifuani. "N'lidhani nimekuja na mkalimani, kumbe nimekuja na shahidi wa serikali."

Wakili akasimama. "Mnaona? Hivi ndivyo watu wanavyoingia kwenye orodha." Alisema kweli. Lakini palepale akauliza jina la binti na mji anaoishi, apate mfano wa kutumia kwingine, na mwanaharakati akamkatiza: "Muulize mama kwanza kama anataka. Na simu ile bado inarekodi." Wakili akashika kichwa. Akamwendea mama, akainama, akamwomba radhi, na ilibidi nimtafsirie radhi hiyo. Niliitafsiri polepole. Sikuona ujanja ndani yake. Nadhani alisahau tu kwamba mfano ni mtu.

Kisha mwanaharakati akalifungua daftari akaliinua ukumbi uone. Sentensi yangu ilikuwa pale neno kwa neno, na nyota pembeni. Akasema nyota maana yake ni kwamba maneno hayo atayatumia kwenye hotuba. Akayakata kwa kalamu, mstari wa kwanza, mstari wa pili. "Kazi hii nimeifanya miaka mingi kwa kutegemea wakalimani," akasema. "Sijui ni nyota ngapi nyingine ziko hivi. Hofu yangu juu ya watu wale iko palepale. Lakini binti huyu si mmoja wao, na leo ningemfanya mmoja wao." Akaenda mwenyewe mbele ya simu, akarudia maelezo yote, na akaahidi kuyaweka kwenye ukurasa wake pia, ambako wafuasi wake, alisema, hawapendi akikosea, na akikiri kosa ndipo hawapendi kabisa.

Si yote aliyosema mwanaharakati leo ninayoyakubali. Alipozungumzia misikiti ya mji huu nilisikia mambo ya kuambiwa. Lakini nimekaa na watu wengi wenye msimamo, wa kila upande, na sijamwona mwingine akidai apewe sentensi inayomharibia hoja.

Tulikuwa tunakunja viti binti alipopiga simu. Kwao ilikuwa asubuhi na alikuwa ameona kila kitu. Mama akaiweka kwa spika.

"Mama, umenisemea nini?"

"Si mie, ni huyu jirani."

"Mpe simu." Nikaipokea. "Dada," akasema. "Marekebisho yamo kwenye vidio hiyo hiyo?"

"Yamo."

"Na mtu akikata kile kipande cha kwanza peke yake akakisambaza? Mahojiano yangu yamebaki wiki mbili, dada. Nimengoja miaka."

Wakili, aliyekuwa ameshavaa mkono mmoja wa koti, akataka kujua binti anasema nini. Nilipomweleza akalivua koti. Tuandike barua, akasema: sentensi ya mama kwa Kiswahili, maana yake kwa Kiingereza, kosa lilivyotokea, na aliyekosea atie sahihi. Binti aipeleke kwa mwanasheria wake kabla ya siku yenyewe. Mwanaharakati akasema yeye atatia sahihi kama shahidi. Wale wawili wakaketi kwenye meza ya kukunja, mmoja akitafuta neno, mwingine akilifuta, wakitupiana maneno kama walivyofanya jukwaani, ila sasa kwa sauti ya chini.

Kalamu ilipofika kwangu, ikasimama. Jina langu ni la Kisomali mwanzo mwisho, langu, la baba na la babu. Nimeishi nchi tatu nikijifunza kutoliacha kwenye karatasi isiyo ya lazima, na karatasi hii ilikuwa na neno lile, na Amerika, na nafasi tupu chini. Nilifikiria kusema mkono unaniuma. Mwanaharakati aliona. Hakunihimiza. Aliivuta karatasi, akaandika lake kwanza kwa herufi kubwa, akanirudishia. Huyu ni mtu ambaye asubuhi mwenyekiti alituonya tusitaje hoteli anayolala, kwa sababu ya watu wanaomtishia. Nikaandika majina yangu yote matatu.

Mama akaipiga picha na kuituma. Jibu likaja upesi: "Nimeisoma. Asanteni. Lakini hesabu nilikuwa wa pili, si wa kwanza."

"Wa pili!" mama akang'aka. "Yule wa kwanza aliuona mtihani!"

Mwanaharakati alipotafsiriwa maneno hayo alisema barua ya kusahihisha uongo haiwezi kubeba uongo mwingine, hata mdogo. Tukaandika upya, kwamba alikuwa hodari katika masomo yote mawili, tukatia sahihi tena sote. Ile ya kwanza wakili akaichana. Binti akajibu: "Hii sawa. Jumatatu nampa mwanasheria." Kama itatosha, sijui. Wakili naye alisema hajui.

Njiani mama alitembea mbele yangu mpaka kona ya mtaa wetu. Pale akasimama.

"Wapika nini leo?"

Nikamwambia. Akasema hiyo aweza kuila. Tulikula baasto, tambi zetu za Kisomali, kwa mchuzi wa nyama ya kusaga na ndizi mbivu pembeni, mimi, mume wangu na yeye. Alikula sahani mbili, simu yake mezani, kioo juu, asikose ujumbe wa binti, na alisema chumvi imepungua, na kweli ilikuwa imepungua.